Insha ya Wafaranki na Wabaski, rekebisha hapa kwanza

Mkuu, umeuliza kama uandike Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, alipigwa na Waislamu pale Roncesvalles, kwenye milima ya Pirenei, mwaka 778. Hapana, usiandike hivyo, aliyeandika maisha yake anasema wazi ni Wabaski, wenyeji wa milima hiyo, habari ya jeshi la Waislamu imeenezwa na utenzi wa Kifaransa uliotungwa kama miaka 300 baadaye. Na sababu walikuwa nayo, jamaa katoka kubomoa kuta za Pamplona, anarudi kwao na jeshi limejipanga mstari mrefu njia nyembamba ya mlimani, Wabaski wako juu msituni na silaha nyepesi, wakashukia kikosi cha nyuma kwenye mizigo, wakaua, wakapora, giza likaingia wakatawanyika.

Kuhusu utawala wa Wafaranki juu ya Wabaski, mi ningeandika ulikuwa wa kusuasua. Mwaka 635 Dagobert, mfalme wa Wafaranki, alituma jeshi, Wabaski wakaapa utii, ila kikosi cha Arnebert, mmoja wa makamanda wake, kikamalizwa na Wabaski bonde la Soule.

Afu usiache mwaka 824, yani inauma na inafundisha, makaunti (watawala wa majimbo) wawili wa Wafaranki wamenaswa na Wabaski milimani, Aeblus akapelekwa Córdoba, kwa Waislamu wa Hispania, Aznar akaachiwa kwa vile ni ndugu yao wa damu. Insha ningeianzia kwa Aznar.