Kompyuta ilinisubiri usiku kucha

Jioni moja nilikuwa na jigabaiti 600 za picha na video za harusi za kuhamisha kutoka diski moja ya nje hadi nyingine. Nikaburuta folda, nikaona mstari wa kijani unaanza kusogea, nikafunga studio hapa Majengo nikaenda zangu kupanda feri, maana kwetu ni Likoni. Asubuhi nikakuta asilimia 4. Katikati ya kioo, kidirisha kimoja: faili yenye jina hili ipo tayari, niibadilishe au niiruke? Kilikuwa kikiuliza tangu saa mbili usiku.

Saa nne akaingia mama wa bi harusi. "Mwanangu, picha zetu tayari?"

"Nipe hadi jioni, mama."

Akaniangalia tu.

Wengi watakwambia ubonyeze "ndiyo kwa zote". Kwa picha, hapo ndipo penye hatari. Kamera nyingi huhesabu hadi 9999 kisha zikaanza upya, kwa hiyo IMG_0412 ya akdi na IMG_0412 ya usiku wa hina ni picha mbili zenye jina moja. Ukikubali kubadilisha, moja ndiyo imekwenda. Siku hizi kila memori kadi naipa folda yake, na majina hayagongani tena.

Kwa mizigo mikubwa kuburuta nimeacha. Natumia robocopy, amri ya kunakili faili iliyomo ndani ya Windows tangu enzi za Vista; naiandika kwenye dirisha la Command Prompt, D: ikiwa diski ninakotoa na E: ninakopeleka:

robocopy D:\Kadi07 E:\Kadi07 /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\kadi07.txt

Hiyo /E hubeba folda zote za ndani, na /LOG huandika ripoti ya kazi yote. Usiache /R (mara za kurudia) na /W (sekunde za kungoja) hata kidogo. Bila hizo, ikikuta faili isiyosomeka hurudia mara milioni moja, na kila mara hungoja sekunde 30; utaoza hapo. Robocopy haikuulizi kitu, lakini jua kwamba kutouliza kwake si kwamba haibadilishi: ikikuta jina lile lile na faili tofauti, inaandika juu yake kimya kimya. Ndiyo maana nilianza na folda. Kuna na /MIR, watu huisifu sana, lakini hufuta chochote kilichoko unakopeleka kisichokuwapo unakotoa. Mimi siigusi.

Kabla ya kutoka naizuia kompyuta isilale. Diski mpya naiangalia kwanza: ikiwa imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, video ya kuanzia jigabaiti 4 haiingii, basi naiformati kwa mfumo wa exFAT ikiwa bado tupu. Stima ikipotea usiku, narudia amri ile ile, zilizokwishafika huzipita.

Sasa nikifika asubuhi nafungua ile ripoti hata chai sijanywa, nashuka hadi chini kabisa, kwenye safu iliyoandikwa FAILED, yaani zilizoshindikana. Ikiwa ni sifuri, nampigia mama mimi mwenyewe.