Sura Mbili Si Unafiki: Barua kwa Mwanangu Zuhura

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona jibu lake halifai kutolewa kwa haraka, ndiyo maana nakuandikia. Umeniuliza kama sasa, baada ya kuajiriwa muuguzi mkunga huko Dodoma na matroni wako kukufuata Instagram, ufute akaunti zako zote uanze upya, au uwe nazo mbili, moja ya kazi na moja yako mwenyewe. Ukaongeza neno ambalo nadhani ndilo linalokukera hasa, kwamba kuwa na sura mbili ni unafiki.

Nianze na hilo la unafiki, maana hukulitunga wewe. Mark Zuckerberg, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, alinukuliwa mwaka 2010 akisema kwamba kuwa na utambulisho wa aina mbili ni mfano wa upungufu wa uadilifu, na kwa miaka mingi kampuni yake ilimtaka kila mtu awe na akaunti moja kwa jina analojulikana nalo. Lakini Septemba 2023 kampuni hiyo hiyo iliruhusu mtu aongeze hadi kurasa nne za wasifu juu ya ile ya kwanza, ili atenganishe jamaa, kazi na mambo anayoyapenda. Sikushangaa. Anayeishi kwa kuuza matangazo hupenda mtu akusanyike mahali pamoja kwa sababu ni rahisi kumjua na kumuuzia; hiyo ni hesabu ya biashara, wala si fundisho la maadili. Miaka yote niliyofanya kazi ya ukarani mahakamani nilizungumza kwa namna moja mbele ya hakimu na kwa namna nyingine nikiwa shughulini kwa shangazi zako, na hakuna aliyeniita mnafiki. Mnafiki ni yule anayemsifu mtu usoni na kumteta akigeuka. Kupima maneno kulingana na mahali na watu waliopo ni adabu tuliyokulea nayo.

Ugumu wa mtandao ni kwamba hujui uko mahali gani. Wodini unawaona waliokuzunguka, na nyumbani vilevile. Lakini kwenye stetasi yako ya WhatsApp matroni, mjomba wako wa Pangani, rafiki wa sekondari na mgonjwa uliyempa namba yako wote husoma sentensi ile ile. Hapa kwetu mwanamke akitaka kumpiga jirani kijembe hununua kanga yenye jina linalofaa, akajifunga na kupita mlangoni kwake; aliyekusudiwa husoma akaelewa, na wengine hupita na njia zao. Kijembe cha simuni husomwa na wengi wasiokusudiwa, na kila mmoja hujiona ndiye aliyelengwa. Ule ujumbe wako wa mwezi uliopita kuhusu watu “wanaojikweza” najua ulimhusu nani, kwa kuwa mimi ni mama yako. Matroni wako hakuwa na njia ya kujua.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba uwe nazo mbili, na usifute zote kwa hasira. Facebook humpa mtu siku 30 za kubadili mawazo kabla ya kuanza kufuta, na baada ya hapo kazi ya kuondoa kila kitu inaweza kuchukua hadi siku 90. Skrinishoti iliyokwisha kupigwa na mtu mwingine haifutiki kabisa. Tena ukiondoka moja kwa moja unaacha jina lako wazi, na mtu anaweza kulichukua pamoja na picha yako akaomba watu pesa. Ni kweli kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta, lakini ni rahisi zaidi kwa watu kumtambua tapeli ikiwa wanaijua akaunti yako halisi. Pakua kwanza nakala ya picha zako, kisha machapisho ya zamani yaondoe au yafanye yaonekane na marafiki peke yao. Facebook ina mpangilio unaoyabana machapisho ya nyuma yote kwa mara moja.

Akaunti ya kazi ibebe jina lililo kwenye cheti chako, picha ya heshima na taaluma yako. Unaweza kueleza humo umuhimu wa kuhudhuria kliniki mapema au dalili za hatari kwa mjamzito, ila usimtibu mtu kwa ujumbe wa faragha. Mwelekeze aende kituoni. Yale maneno ya “maoni haya ni yangu binafsi” yaandike ukipenda, ingawa mimi siyaamini sana, kwa sababu msomaji aliyekwisha kuliona jina la hospitali yako hawezi kulisahau kwa kuombwa.

Hiyo ya pili ndiyo ya mapishi, mashairi na kelele zako za Coastal Union, na hapo lazima uwe mwangalifu kuliko unavyodhani. Instagram na TikTok, zikipewa ruhusa, husoma majina yaliyomo kwenye simu na kuwapendekezea watu akaunti za wanaofahamiana nao, hivyo ukisajili ya faragha kwa namba ile ile aliyo nayo matroni, huenda yeye akawa wa kwanza kuletewa. Tumia barua pepe nyingine, ondoa ruhusa ya programu kusoma majina, na uzime mpangilio unaoruhusu upendekezwe kwa wengine. Kwa upande wa WhatsApp, tangu mwishoni mwa mwaka 2023 simu ya Android inaweza kubeba akaunti mbili, kwa hiyo sajili laini ya pili kwa ajili ya kazi. Ukiona ni gharama, basi chagua wanaoruhusiwa kuiona stetasi yako.

Hata hivyo usidhani kufuli la akaunti ya faragha ni ukuta. Akaunti iliyofungwa bado ina watu ndani, na watu hugombana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeipa nafasi taarifa ya simuni kuwa ushahidi mahakamani, na nimewaona watu wakisomewa maneno yao wenyewe waliyodhani wamemwandikia msiri mmoja. Akaunti ya faragha ni ya kupumzikia. Kama jambo lingekufukuzisha kazi likijulikana, usiliandike hata huko.

Sasa lipo jambo usiloniuliza, nami naliona kubwa kuliko yote uliyouliza. Ile picha uliyopiga ukiwa na sare, umetabasamu, nyuma yako yuko mama kitandani na mtoto wake mchanga. Uso wake hauonekani vizuri, lakini shuka, dirisha na siku vinatosha kwa wifi yake kumtambua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na maadili ya kazi yako yalikuwa yakisema hivyo kabla ya sheria hiyo kutungwa. Iondoe leo. Hata ungekuwa na akaunti kumi, hakuna hata moja ambayo mgonjwa ni wako wa kumwonyesha.

Vivyo hivyo zile video za singo, ile sherehe ya wanawake kabla ya harusi, ya binti wa shangazi yako. Wale wanawake walivua mabuibui na kucheza kwa kuwa walijua ukumbini hamna mwanamume, nawe ukaziposti, na sasa wamo simuni mwa wanaume wasiowajua. Wawili wamekuja kwangu kulalamika. Waombe radhi mwenyewe kwa kuwapigia simu, usitume ujumbe.

Ukimaliza kuzipanga, nitumie jina la ile ya kazi niifuate na niwaonyeshe wenzangu wa msikitini. Ile nyingine sihitaji kuijua, na dada yako nimemwambia asinionyeshe.

Wasalaam,
Mama yako