Corsair na sitaha ya meli: maswali yenu

Wiki hii mmenibana na Corsair, ile ndege ya kivita ya Marekani ya vita vya pili vya dunia, haya twende.

Kaka, si ilitengenezwa kwa ajili ya meli za kubeba ndege, mbona mwanzoni ilikataliwa?
Pua jamani. Walivyoongeza bunduki kwenye mabawa tangi za mafuta zikakosa pa kukaa, wakaweka tangi moja kubwa mbele ya rubani, yeye akasukumwa nyuma karibu mita 1, sasa unashuka kwenye sitaha inayoyumba na mbele unaona injini tupu. Bado oili inavuja kwenye vile vifuniko vya kupooza injini inarukia kioo. Baada ya kujaribiwa kwenye meli ya Sangamon, Septemba 1942, nyingi zikapelekwa kwa Marine, yaani wanamaji wapiganaji wa Marekani, zikaruka kutoka viwanja vya visiwa vya Solomon.

Walirekebisha nini hasa?
Vitu vidogo tu. Vifuniko vya juu vikafungwa visifunguke, kiti kikapandishwa, kioo cha juu kikatuniswa, gurudumu la mkia likarefushwa, na shokapu zikalainishwa maana ndege ilikuwa ikigusa sitaha inaruka tena, ndoano ya mkiani inapita juu ya kamba za kuisimamisha. Mimi nayoipenda ni ya bawa: ukipunguza mwendo bawa la kushoto lilikuwa linalala, yaani linaacha kuibeba ndege, kabla ya lenzake, basi wakabandika kipande cha kama sentimita 15 ukingo wa mbele wa bawa la kulia, kinavuruga upepo ili yote mawili yaachie pamoja. Yaani bawa lisilo na tatizo waliliharibu kidogo makusudi, na ikafanya kazi!

Ni kweli Waingereza ndio waliwafundisha Wamarekani kuitua kwenye meli?
Hapo watu wanakuza. Waingereza walikuwa wanakuja kwa kona, wanaiona sitaha pembeni mpaka dakika ya mwisho, na Aprili 1944 Corsair zao za meli ya Victorious zilikuwepo kwenye shambulio dhidi ya Tirpitz, manowari ya Wajerumani, kule Norway. Ila Novemba 1943 kikosi cha Marekani cha VF-17, kilichokuwa nchi kavu, kilishatua kwenye Bunker Hill na Essex kujaza mafuta bila balaa. Kukata ncha za mabawa kama sentimita 20 kila upande, hiyo ni ya Waingereza kweli, hanga zao, vyumba vya kuwekea ndege melini, zilikuwa na dari fupi.

Na Spitfire ya meli je?
Hiyo ni Seafire, Spitfire ya Waingereza iliyobadilishwa kwa ajili ya meli, na miguu yake ya magurudumu ilikuwa myembamba mno. Salerno, Italia, Septemba 1943, upepo hakuna, meli zenyewe za polepole, ndege inagusa sitaha kwa kasi, zikavunjika nyingi kwenye kutua kuliko mikononi mwa Wajerumani. Propela zilikuwa zinachapa sitaha, wakazikata ncha kidogo hukohuko baharini, zikaendelea kuruka.