Kujua unaota ukiwa bado ndotoni

Dada wa Uyole, hujachezewa na mtu. Unasema unaota uko soko la Mwanjelwa, ghafla unajua kabisa kuwa ni ndoto, na mama mkwe anasema ni wachawi. Mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na Alan Worsley, mtu aliyejitolea kupimwa akiwa amelala, kwamba Worsley akijitambua ndotoni asogeze macho kushoto na kulia. Mwili ulilala fofofo, macho yakatuma ishara, mashine ikainasa. Baadaye mtafiti Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alionyesha jambo hilohilo.

Sababu? Katika usingizi wa ndoto, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohoji mambo, hupunguza kazi. Ndiyo maana marehemu babu anaweza kukuuzia viazi na usishtuke. Mtafiti Ursula Voss na wenzake mwaka 2009 waliona kwa wanaojitambua sehemu hiyo inachangamka tena: nusu kuota, nusu kuwa macho. Wengine husema ni mazoea tu, kwamba anayezoea kujichunguza mchana hujichunguza hata usiku. Mimi naona yote mawili yanaingiana.

Zipo mbinu za kujiamsha usiku ili uote hivyo zaidi; achana nazo kwanza. Zinakata usingizi, na baridi ya Mbeya mwezi Juni si mchezo. Ila ukianza kuchanganya ndoto na mambo ya mchana, au ukiogopa kulala, nenda hospitali ukaulizie kitengo cha afya ya akili. Mama mkwe mwitikie tu kwa heshima, usibishane naye.