Dume yupo zizini mwaka wa sita, nimtoe au nimwache?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi mfugaji wa huku Uyui, Tabora, nina ng'ombe majike 34 na dume mmoja, yupo zizini mwaka wa sita sasa, mkubwa, nundu safi, mpole hana shida na mtu. Tatizo ndama wanazaliwa muda wowote tu, wa mwezi wa nane na wa tisa wengi wananifia, na siku hizi naona wanatoka wadogo wadogo. Mwaka jana majike watatu walitupa mimba. Sasa jirani ananiomba dume akapandishie kwake, nimpe?

JIBU: Marahaba. Kwa jirani usimpeleke kwanza, hata kama mnaelewana vipi. Mimba tatu kutoka mwaka mmoja si jambo la kuacha lipite, muite afisa mifugo achukue damu wapimwe brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, dume na majike wote, maana kuna na magonjwa mengine ya uzazi dume anayabeba bila dalili yoyote, ananenepa tu huku anayasambaza. Na nyumbani tafadhali sana maziwa yachemshwe, mimba ikitoka asishike mtu kwa mikono mitupu, brusela inaingia kwa binadamu pia.

Sasa huyo dume. Miaka sita ni mingi mno ndugu yangu, mitamba aliowazaa mwanzoni saa hizi anawapanda mwenyewe, baba na binti, na pengine kashafika kwa wajukuu, ndo maana udogo huo haunishangazi. Miaka mitatu hivi inatosha, unabadilisha.

Kuhusu msimu, mimba ya ng'ombe ni siku kama 283, na huku kwetu mvua zinaanza Novemba. Ukimwachia dume katikati ya Februari ukamtoa mwisho wa Aprili, ndama wanaanguka kuanzia mwisho wa Novemba mpaka mwanzo wa Februari, mama anakuta majani mabichi, maziwa yapo. Huyo anayezaa Agosti anamnyonyesha mtoto kwa mifupa yake, na jike aliyekonda hivyo joto lenyewe, yaani ile hali ya kutaka dume, linachelewa kurudi, unapoteza mwaka mzima. Joto linarudi kila baada ya siku 21, kwa hiyo hizo wiki kumi kila jike anapata nafasi kama tatu. Ila 34 kwa dume mmoja ni wengi, mzima aliyekomaa mpe 25 mpaka 30, kijana nusu yake.

Najua utasema malisho ni ya wote, nitamtenga wapi? Mchunge na maksai, upande wao, na usiku zizi lake la magogo. Vidume vingine hasi mapema kwa burdizo, lile koleo la kuhasia bila kukata, maana hata ukimtenga mkubwa, kidume cha mwaka mmoja na nusu kinapandisha huku wewe hujui.

Na hapa nina uchungu kweli, wengi wetu ndama dume aliyekua vizuri kuliko wote ndo tunamhasi akavute jembe, tunaowabakiza wapandishe ni wale dhaifu! Fanya kinyume. Ila wa kwako wote ni watoto wa huyo huyo, kwa hiyo dume mpya nunua au badilishana na mfugaji wa mbali, angalia miguu, macho, korodani mbili zilizolingana, na naye apimwe damu kabla hajaingia zizini kwako.

Huyo mzee msimu huu usimwachie tena. Majibu ya damu yakitoka vibaya, ni machinjioni moja kwa moja, usimuuze mnadani akaenda kuharibu zizi la mwenzio.