Umekabidhiwa makasha ya tawi? Anza na majina

"Dada, naanzia wapi?" Ndivyo msomaji mmoja alivyomalizia ujumbe wake wiki hii. Ni binti wa Mombasa anayesoma chuo kikuu Marekani. Amejiunga na sororiti ya Wamarekani Weusi, na kwa kuwa anajua kuandika, wenzake wamempa kazi ya kutunza historia ya tawi. Pamoja na cheo amepewa makasha manne, ufunguo wa kabati lisilofungika na agizo moja: tawi linakaribia kutimiza miaka tisini, tunataka kitabu na maonyesho.

Kwa wasiozijua, sororiti ni chama cha wanawake wasomi chenye jina la herufi za Kigiriki, kiapo, rangi na siri zake, na uanachama wake haukomi siku ya mahafali. Kongwe kati ya zile za Weusi ni Alpha Kappa Alpha, iliyoanzishwa Howard University, Washington, tarehe 15 Januari 1908. Wahitimu wana matawi yao mijini, wanafunzi wana yao vyuoni, na la wanafunzi ndilo linalosahau haraka. Kila miaka minne watu wote wamebadilika. Katibu anahitimu Mei, daftari linabaki kwenye buti la gari la mama yake, Agosti wanaingia wengine wasiojua hata kwamba daftari lilikuwepo. Aliyewahi kuwa katibu wa kikoba anaijua hali hii.

Basi, mdogo wangu, kitabu kisubiri. Maonyesho nayo yasubiri. Tengeneza kwanza orodha ya kila mwanamke aliyewahi kuingia kupitia tawi hilo.

Fungua jedwali kwenye kompyuta. Safu ya kwanza iwe jina la usichana, ya pili jina la ndoa, kisha muhula na mwaka wa kujiunga, namba yake katika mstari, vyeo alivyoshika, kama yu hai au amefariki, na mwisho chanzo cha habari hizo. Jina la usichana linatangulia kwa sababu magazeti ya zamani yalikuwa na desturi ya kumwandika mke kwa jina lote la mumewe. Mtu mmoja atatokea kwa jina lake kwenye kitabu cha picha cha chuo, kwa ubini wa mume kwenye kumbukumbu za kikao, na kwa jina zima la mume gazetini. Usipokuwa macho utamhesabu mara tatu, na siku ya sherehe utatangaza tawi lenye watu ambao hawakuzaliwa. Safu ya chanzo ndiyo inayorukwa na wengi, eti watakumbuka. Hawakumbuki. Bila chanzo, majina mawili yakigongana huna pa kurudi.

Namba ya mstari nayo isidharauliwe. Wanaoingia pamoja huitwa mstari, na kwa kawaida walipangwa kwa kimo: mfupi namba moja, mrefu wa mwisho. Ukiwa na orodha ya namba na picha waliyopiga wamepangana, picha inajisoma yenyewe. Kuna mitego miwili. Mmoja ni viatu vya visigino. Mwingine ni picha iliyosafishwa negativu ikiwa imegeuzwa, kulia kukawa kushoto. Angalia herufi kifuani. Kwa Alpha Kappa Alpha, A haitakusaidia maana pande zake zinafanana, lakini K ikiangalia nyuma, picha imegeuzwa. Kwa Delta Sigma Theta, sororiti nyingine ya Weusi, angalia ile Sigma ya katikati. Jambo dogo, lakini limewapa bibi za watu majina yasiyo yao.

Mwaka 1990 vyama hivi vilifuta rasmi kile kipindi kirefu cha majaribio ya kujiunga, sababu kubwa ikiwa mateso waliyokuwa wakipewa wanaotaka kujiunga. Tangu hapo jina la mstari na namba huenda visionekane kabisa kwenye karatasi rasmi. Vitafute mgongoni mwa majaketi.

Utakuta pia mianya. Miaka mitatu, minne, hakuna jina jipya hata moja. Wakubwa watakwambia "tulikuwa wachache". Mara nyingi ukweli ni kwamba tawi lilisimamishwa, na gazeti la wanafunzi la wakati ule linaweza kuwa limeandika. Andika kwamba lilisimamishwa, mwaka gani hadi mwaka gani, na kwa kosa gani ikiwa limethibitishwa. Hapa ndipo hasira hutupanda sisi tunaoshughulika na kumbukumbu: historia iliyopakwa poda huonekana tu, na aliyeumizwa na tawi mwaka huo bado yuko hai na anajua kusoma.

Mgogoro si aibu. Mwaka 1912 wanafunzi wa tawi lile la kwanza kabisa la Alpha Kappa Alpha pale Howard walitaka kubadili jina, nembo na mwelekeo. Nellie Quander, aliyekuwa amekwishahitimu, akapinga. Wanawake 22 wakatoka na kuwa Delta Sigma Theta tarehe 13 Januari 1913. Quander na wenzake wakaisajili Alpha Kappa Alpha kisheria tarehe 29 ya mwezi huohuo, siku 16 baadaye. Kila upande una namna yake ya kusimulia nani alimwacha nani, lakini tarehe hizo mbili hazibishaniwi kwa sababu ziliandikwa. Tarehe 3 Machi Delta walikuwa tayari barabarani Washington, kwenye maandamano ya kudai kura ya wanawake.

Neno urithi likitajwa, matawi mengi hukimbilia watu mashuhuri. Howard wana haki ya kujivuna kwamba Kamala Harris aliingia Alpha Kappa Alpha pale mwaka 1986. Tawi lenu pengine halina Kamala, na halimhitaji. Chukua daftari la mtunza hazina. Kati ya 1935 na 1942 Alpha Kappa Alpha walipeleka madaktari, wauguzi na walimu Mississippi kila majira ya joto kuchanja watoto na kutibu maskini. Delta Sigma Theta nao walichangia wodi ya wazazi kwenye hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick, Thika, kwetu kabisa. Kazi kama hizo huchangiwa na matawi, dola kidogokidogo. Stakabadhi moja ya mchango yaweza kuwa ndiyo kurasa mbili bora za kitabu chako, na ndiyo kwanza itupwayo kwa kuonekana takataka.

Sasa makasha yenyewe. Toa pini, klipu na mipira ya kufungia. Chuma hushika kutu na mpira huyeyuka ukagandana na karatasi. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, tena pembeni. Kalamu ya wino hupenya mbele. Zile albamu za miaka ya 1970 zenye kurasa za gundi ndizo adui mkubwa. Pitisha taratibu uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa. Ikigoma, usivute, skani ukurasa mzima ulivyo. Usilaminishe chochote, hata cheti cha kuanzishwa kwa tawi. Picha ziskaniwe kwa pikseli 600 kwa inchi, karatasi 300 zinatosha, nakala kuu iwe ya TIFF, faili la picha lisilopoteza ubora. Weka nakala tatu, moja yao nje ya mji huo.

Kabla hujakabidhi chochote maktaba ya chuo, tenga mafungu mawili. La kwanza ni la ibada na viapo: hilo linarudi kwa viongozi wa sororiti, na maswali yake hayaingii kwenye mahojiano ya kurekodiwa. La pili ni fomu za zamani za maombi. Zamani vyuo vingi vya Marekani vilitumia namba ya hifadhi ya jamii kama namba ya mwanafunzi, kwa hiyo fomu ya 1982 inaweza kumfungulia mwizi akaunti ya benki ya bibi wa watu. Namba hizo zifichwe kwenye nakala, na fomu zenyewe zisitoke mikononi mwa tawi.

Mahojiano yapange kwa umri, si kwa umaarufu. Aliye na miaka 90 wiki hii, mtangazaji wa televisheni mwakani. Saa moja hadi moja na nusu, fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya kinasa kuwashwa, na uwe na picha mkononi, maana kumbukumbu hufunguka kwa sura kuliko kwa maswali.

Na kabla hujafungua hata kasha la kwanza, uliza nani ana nywila ya barua pepe ya tawi na ya ukurasa wa Instagram. Ukiambiwa ni dada aliyehitimu miaka miwili iliyopita, mpigie leo.