Mkifika Asia, ulizeni kampuni zilizokufa watu wake walikwenda wapi

Mleta uzi, swali lako limenikuta pazuri, maana nimekaa ndani ya kitu unachokwenda kukitazama. Kwa waliochelewa kuingia: chuo cha mwenzetu kimeunda kamati ya kuanzisha kiatamizi cha biashara za teknolojia, yaani mahali pa kulea kampuni changa, na baadaye bustani ya sayansi, yaani eneo la kampuni na watafiti kukaa jirani. Kamati imepata safari ya wiki mbili kwenda Chennai (India), Hsinchu (Taiwan) na Daejeon (Korea Kusini), naye anauliza wakifika waangalie nini. Waliomjibu hapo juu wamemwambia habari za viza na baridi ya Korea. Ni msaada, lakini haumfikishi mbali.

(Najua wapo wanaosema hifadhi ya sayansi na wapo wanaosema kongano. Mimi nasema bustani. Hifadhi kwangu ni ya tembo.)

Niliishi Chennai miaka minne. Miwili nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, miwili iliyofuata nilikuwa kwenye kampuni ya watu sita iliyotengeneza kifaa cha kupima unyevu wa mpunga. Chumba chetu kilikuwa ndani ya IIT Madras Research Park, bustani ya chuo cha teknolojia cha IIT Madras, upande wa Taramani, jirani na chuo chenyewe, ambacho nacho kimepakana na hifadhi ya Guindy. Huko kwenye eneo la chuo swala wanapita kando ya barabara kama mbuzi wa mtaani, na nyani wakiona una mfuko wa chakula hawakuulizi jina.

Katika miaka hiyo miwili niliona misafara ya wageni isiyohesabika. Wanashuka kwenye basi, wanapiga picha ukumbini, wanaoneshwa picha za slaidi, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Siku moja ukaja ujumbe kutoka huku kwetu nyumbani, nikaitwa niwasalimie kwa Kiswahili. Nilifurahi kweli. Nikajiandaa kuwaonesha mashine, ubao wetu wa hesabu, hata vifaa vilivyoungua. Mkuu wa msafara akaniuliza maswali mawili: jengo liligharimu kiasi gani, na lifti ni za kampuni gani. Sikumbuki ujumbe hata mmoja ulioomba kushushwa karakanani.

Jengo lile lilifunguliwa 2010. Leo eneo lote lina futi za mraba zipatazo milioni 1.2, na ukilitazama hivyo utarudi nyumbani kuandika andiko la kuomba fedha za saruji. Lakini kazi ilianza miaka ya 1990, bila jengo. Kulikuwa na kundi la walimu wa chuo hicho waliojiita TeNeT, profesa Ashok Jhunjhunwala akiwa mmoja wao, waliotaka simu ya bei nafuu ifike vijijini. Kutokana na kazi yao ikatoka teknolojia ya corDECT, ya kumfikishia mtu simu bila kuvuta waya hadi mlangoni, na zikatoka kampuni zilizoendeshwa na wanafunzi wao wenyewe, Midas ikiwemo. Mwaka 2006 wakaanzisha kiatamizi cha teknolojia za vijijini. Kwa hiyo ghorofa ya kwanza ilipopata wapangaji, wale watu walikuwa wameshaatamia kwenye korido za idara zaidi ya miaka kumi. Kuku alikuwepo na mayai yalikuwepo, banda ndilo lililokuja mwisho. Sisi tunaanza na banda, tunakata utepe, halafu tunatangaza nafasi ya kuku.

Kitu cha kwanza cha kuomba mkifika pale ni karatasi ya masharti ya wapangaji. Mpangaji wa pale halipi kodi tu, anatakiwa pia kukusanya pointi. Akifanya utafiti na profesa anapata pointi, akichukua mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anapata, akiajiri mhitimu anapata. Kampuni kubwa haiwezi kuja kukodi ghorofa kwa ajili ya anwani nzuri kisha ikafunga milango. Karatasi hiyo ina faida kwenu kuliko ramani ya jengo, na kuinakili haigharimu chochote.

Sasa niseme ya kwetu. Tuliingia tukiamini tuna kifaa. Unaingiza punje, unabonyeza, kinakuambia asilimia ya unyevu. Kila Jumamosi tulikaa na mlezi wetu, mhandisi mstaafu ambaye sote tulimwita anna, yaani kaka, ingawa alikuwa na umri wa baba zetu. Hakuwahi kuuliza kifaa kimefikia wapi. Alikuwa na swali lake moja: "Wiki hii nani amelipa?" Wiki ya kwanza tulicheka. Wiki ya nane hakuna aliyecheka.

Akatufukuza twende Thanjavur, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Kaveri. Tukamfikia mwenye mashine ya kukoboa, mzee wa makamo, tukamwonesha kifaa. Akachukua punje moja, akaiuma, akasema bado mbichi. Kifaa kikasema asilimia 18. Akauma nyingine kutoka gunia la pili, akasema hii sawa. Kifaa kikasema 14. Tulifanya hivyo kwa magunia kama kumi na mzee hakukosea hata mara moja. Akaturudishia kifaa chetu kwa heshima zote: "Kizuri. Lakini meno yangu ni ya bure."

Tulirudi Chennai kwa basi la usiku tukiwa kimya. Jumamosi anna akatuuliza swali ambalo chuoni hatukuwahi kufundishwa: nani hapo hawezi kutumia meno ya yule mzee? Ikatuchukua muda kuona. Ni mkulima. Kule serikali inanunua mpunga kwa bei iliyopangwa, na kikomo cha unyevu ni asilimia 17. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, mpunga unalowa, mkulima anaambiwa wako umezidi, rudi ukaanike. Hana cha kubishia. Aliyehitaji kifaa hakuwa mwenye meno wala mwenye mashine, alikuwa mtu wa foleni. Naye hana fedha ya kununua kifaa, ila kikundi chake kinayo. Tukabadilisha kila kitu, bei, ukubwa, hadi lugha ya kwenye kioo. Tukaanza kuuza kidogo kidogo kwa vikundi vya wakulima.

Hilo ndilo lililotufaa kwenye kiatamizi. Intaneti na meza tungeweza kuvipata popote. Hatukuwa na mtu wa kutukatalia kila Jumamosi, na mtu wa namna hiyo analipwa mshahara, au angalau nauli na heshima. Kwenye maandiko mengi ya kwetu niliyowahi kuombwa kuyapitia, mstari wa samani huwa mrefu na mstari wa walezi haupo kabisa, au umeandikwa "watajitolea".

Mwisho wa kampuni yetu hauna mapambo. Mafuriko ya Desemba 2015 yalipoizamisha Chennai, hata uwanja wa ndege ukafungwa, tulipoteza vipuri vya miezi mitatu. Halafu mteja mmoja mkubwa, simtaji, akaagiza vifaa 40, akavipokea, akalipa baada ya miezi tisa. Sisi tulikuwa na pumzi ya miezi minne. Tukafunga.

Jioni ya kukabidhi funguo nilipanda juu kunywa kahawa nikiwa nimejiinamia. Kabla sijamaliza kikombe, wawili kati yetu sita walikuwa wameshaulizwa na majirani wa ghorofa nyingine kama wako huru Jumatatu. Ndani ya mwezi mmoja wote sita tulikuwa kazini, wanne kati yetu ndani ya jengo lile lile. Mmoja aliondoka na ule ujuzi wa kupima unyevu akaupeleka kwenye kazi ya majani ya chai. Nikaelewa nilichokuwa nakaa ndani yake. Kampuni ilikufa, lakini hakuna fundi aliyerudi kijijini, na hakuna tulichojifunza kilichozikwa na jina la kampuni. Kiatamizi kilicho peke yake kilomita arobaini kutoka kila kitu hakiwezi kukupa hilo, hata kikiwa na vioo vya bluu.

Ndiyo maana nawaambia, kila mtakapokwenda, ulizeni hilo la kwenye kichwa cha uzi. Wenyeji wenu watataka kuwaonesha waliofaulu, na mtawaona: Ather Energy ya pikipiki za umeme ilianzia hapo IIT Madras mwaka 2013, na Agnikul Cosmos ya roketi iliyorusha chombo chake cha majaribio Mei 2024. Ni hadithi nzuri. Ila piga hesabu ya Ather: walianza 2013, pikipiki ya kwanza kuuzwa ni 2018, hisa zikaingia sokoni 2025, na makao yao yalishahamia Bengaluru zamani. Mfadhili wenu anayetaka matokeo ndani ya miaka mitatu mwoneshe tarehe hizo.

Hsinchu sijawahi kuishi, nilikwenda mara moja kwa siku tano, lakini historia yake inajulikana na inakwenda njia hiyo hiyo. Bustani ilifunguliwa Desemba 1980. Taasisi ya utafiti ya ITRI ilikuwapo tangu 1973, na mwaka 1976 ilisaini mkataba na kampuni ya Marekani ya RCA, ikapeleka wahandisi vijana Marekani kujifunza kutengeneza chipu. Wakarudi, wakaanza na chipu za saa za mkononi, kitu kidogo tu. Mwaka 1980 kundi likatoka ITRI kuanzisha kampuni ya chipu ya UMC. Mwaka 1987 likatoka lingine na kampuni ya TSMC, chini ya Morris Chang aliyekuwa ametumikia Texas Instruments ya Marekani miaka mingi. Taasisi haikuwazuia watu wake kuondoka, na hapo ndipo penye somo. Chuo chenu mwalimu akiomba likizo ya miaka miwili aanzishe kampuni mnamjibuje? Jibu hilo liandikeni kwanza kabla ya kuchora ramani.

Hsinchu kuna jambo wageni hawaulizii: shule. Serikali ya Taiwan ilitaka wahandisi wake waliokuwa Marekani warudi, ikagundua kikwazo si mshahara pekee, ni watoto wasiojua kusoma Kichina. Mwaka 1983 ikafungua shule pale pale bustanini, yenye sehemu ya lugha mbili. Pitieni mlangoni kwake hata kwa dakika kumi. Na ardhi ya pale inakodishwa, haiuzwi, kwa hiyo hakuna anayeshika kiwanja akisubiri bei ipande. Hilo mnalijua wenyewe lingekuwaje kwetu.

Daejeon nitapita haraka. Mji wa sayansi wa Daedeok ulipangwa 1973, ukajaa taasisi za serikali na wasomi wa kupigiwa mfano, na kwa miaka mingi kampuni zilizotoka humo zilikuwa chache. Mtafiti alikuwa na ajira ya uhakika, atoke aende wapi? Msukosuko wa fedha wa 1997 ndio uliowatikisa, taasisi zikapunguza watu, waliotoka wakaanzisha kampuni, na mwaka 2005 serikali ikalifanya eneo hilo kuwa ukanda maalumu kwa sheria. Mzungumzeni na mtu aliyekuwepo miaka hiyo, si na afisa uhusiano. Kama kamati yenu ina wapenzi wa Konza, mji wa teknolojia wa Kenya, watakuwa na ya kuuliza, maana Wakorea hao hao wana mkono kwenye taasisi ya sayansi ya pale.

Kuhusu fedha, jambo moja tu la India ambalo mwanasheria wa chuo chenu alisome. Sheria yao ya kampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa kutenga asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa shughuli za jamii, na mwanzoni viatamizi vilivyo ndani ya vyuo vilivyoidhinishwa viliwekwa kwenye orodha ya wanaoweza kupokea, ingawa masharti ya orodha hiyo yalibadilishwa 2019. Serikali nayo kupitia mpango wake wa ubunifu uitwao Atal inaweza kukipa kiatamizi hadi rupia milioni 100, lakini kwa miaka mitano, na mambo ya ujenzi si lengo la fedha hizo. Pia tofautisheni bustani na majengo ya kupangisha ofisi za kompyuta. Technopark ya Thiruvananthapuram, ya mwaka 1990, imeajiri watu wengi sana na ni kazi nzuri, ila ni mnyama mwingine.

Ratiba yenu najua imejaa mikutano ya itifaki. Futeni chakula kimoja cha jioni cha waheshimiwa, mbadilishe na nusu siku karakanani na chakula cha mchana kantini, mkikaa meza moja na vijana. Waulizeni kampuni yao ya kwanza ilikuwa ipi. Wengi watawaambia jina ambalo halipo tena.

Na kama uko Dar, kabla ya kupanda ndege panda boti. IIT Madras walifungua tawi Zanzibar mwaka 2023, pale Bweleo, na kuna walimu wanaoifahamu Chennai vizuri. Nauli unaijua. Ukirudi njoo hapa utuambie walikujibu nini kuhusu zile pointi.